Askari na Kipande cha Wavu

Mwanangu, iko asubuhi moja kando ya ziwa, ufukweni Asembo Bay, ambayo nikiikumbuka hadi leo natafuta kitu cha kushika. Sijui wewe utakuwa nani. Hujazaliwa, na mimi mwenyewe niko kidato cha tatu, siwezi hata kuuliza swali darasani bila jasho kunitoka. Lakini Baba Mdogo aliwahi kuniambia, "Ukipata mtoto wako utamfundisha unavyotaka," na alisema hivyo ili ninyamaze. Nikanyamaza. Tangu hapo nakuandikia wewe. Yale ambayo wakubwa hawataki kuyasikia kutoka kwangu utayasikia wewe, upende usipende.

Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, nangoja matokeo. Baba Mdogo, mdogo wake baba, alikuwa amejenga nyumba mpya yenye sakafu ya simiti nyekundu, ya kwanza katika boma letu. Mke wake alifanya kazi Kisumu, kwa hiyo mimi ndiye niliyempikia na kuisugua hiyo sakafu mpaka uso wake ukaonekana ndani. Nyanya yangu, mama yake Baba Mdogo, ambaye sote tulimwita Dani, alikaa katika nyumba yake ya udongo hapo karibu.

Basi Baba Mdogo akatoka Kisumu na katoni ya sabuni. Ndani mlikuwa na mbwa mdogo wa kahawia, masikio yamelala, tumbo limevimba kama mandazi. "Huyu atalinda mashua na nyavu," akasema. Akampa jina Askari. Maskini, Askari hakuweza kulinda hata mkojo wake.

Mwanangu, kibofu cha mbwa mchanga si kikubwa kuliko kifuniko cha soda. Anaamka, anakojoa. Anakula, anakojoa. Anacheza kidogo na ufagio, anasimama ghafla kama aliyekumbuka kitu, anakojoa. Baba Mdogo akiingia mlangoni anakojoa kwa furaha, na akigombezwa kwa hilo anakojoa tena kwa woga. Hiyo si tabia mbaya. Ni mwili tu bado haujakomaa, kama vile wewe utakavyonikojolea mimi na sitakupiga.

Lakini Baba Mdogo alikuwa na sakafu. Akachukua kipande cha wavu wa zamani, ule wa matundu madogo wa kuvulia omena, wale dagaa wa ziwani, akakikunja mara kadhaa, akakiweka pembeni karibu na mlango wa nyuma. Akasema huko mjini mbwa wa matajiri hufundishwa kukojoa juu ya magazeti, na sisi magazeti hatuna, nyavu tunazo. Sheria yake ilikuwa rahisi. Askari akikojoa juu ya wavu, apewe kichwa cha omena. Akikojoa kwingine, asuguliwe pua hapo hapo, kisha apigwe slipa.

Nilimwambia, kwa sauti yangu hii ya chini, kwamba labda nimpeleke nje kwenye nyasi.

"Nje kuna kenge na mwewe. Ananyakuliwa, halafu?"

"Nitasimama naye."

"Wewe, kazi ya nyumba imekushinda ndiyo unataka kusimama nje na mbwa? Ukipata mtoto wako utamfundisha unavyotaka. Hapa ni kwangu."

Ndiyo hayo maneno niliyokuambia.

Nikamfundisha kama nilivyoagizwa. Akiamka namweka kwenye wavu. Akila, namweka. Akianza kunusanusa na kuzungukazunguka, nambeba mbio, anafika akiwa ameshaanza njiani na mimi gauni limeloa. Nilimwaga majivu, nikafagia, nikafua kile kipande cha wavu, nikakirudisha. Slipa ilifanya kazi yake pia. Nilikuwa nasikia ile sauti nikiwa jikoni, pa, pa, halafu kilio chembamba, na mimi nakoroga uji kwa nguvu kama uji ndio ulikosa. Hata hivyo Askari alijua. Ikafika mahali ukimfungia chumba kingine analia, anakwaruza mlango, anajibana mpaka apelekwe kwenye wavu wake. Baba Mdogo akafurahi. Akasema yuko tayari kwenda ufukweni, wavuvi wenzake wamwone.

Wewe labda utazaliwa mjini, kwa hiyo nikueleze. Omena huvuliwa usiku, na asubuhi akina mama huinunua na kuianika juani ufukweni. Wanaianika juu ya nini? Juu ya nyavu za zamani, zimetandazwa mchangani kama mikeka. Ni nyavu zile zile. Mimi sikuwaza jambo hilo. Baba Mdogo, aliyezaliwa hapo na akazeeshea nyavu zake hapo, naye hakuwaza.

Tulifika jua limeshapanda. Wanaume walikuwa wanaosha mashua, wanatoa magugu yaliyonasa kwenye injini. Baba Mdogo akamweka Askari chini, akasimama mikono kiunoni. Askari alikuwa amekunywa uji na kubebwa njia nzima, akawa na haja. Nilimwona akianza kunusa. Akapita nyasi. Akapita mchanga mtupu, mchanga ambao ungemtosha mbwa yeyote duniani. Alikuwa analia kidogo kidogo, miguu ya nyuma imebanana, anatafuta, anajizuia kama alivyofundishwa. Halafu akaziona nyavu. Akakimbia mpaka katikati ya omena ya Mama Auma, iliyokuwa karibu kukauka, akakojoa. Kisha akakunja mgongo akamalizia na ile haja nyingine.

Alipomaliza aligeuka, akamtazama Baba Mdogo, akitikisa mkia. Alikuwa anangoja kichwa chake cha omena.

Mwanangu, hapo ndipo natafuta kitu cha kushika.

Mama Auma ni mjane, jirani yetu, na omena ya nyavu mbili alizotandaza ilikuwa soko lake lote la wiki. "Mbwa wa nani huyu?" akauliza, ingawa alikuwa anajua. "Mimi sasa nitawauzia watu nini? Nitawaambia nimeweka chumvi?"

Wanaume wakacheka. Mmoja akasema, "Askari ameanza kazi. Ameshaandika ripoti." Baba Mdogo hakucheka. Alikuja kwa hatua ndefu, akamsugua Askari pua kwenye uchafu, akampiga teke, akamkamata ngozi ya shingo na kuingia naye majini. Maji yakamfika magotini. Akasema anamtupa, mbwa asiye na akili hana kazi kwake. Na hakuwa anatisha tu. Nilimjua.

Nikaingia majini nyuma yake. Nikasema, "Ni wewe umemwambia."

"Nini?"

"Wavu. Umemwambia wavu ni choo."

"Msichana, sema tukusikie," mtu mmoja akaita kutoka kwenye mashua. Nilijaribu tena, sauti ikagoma. Watu wote wale walikuwa wananitazama. Nilikasirika mpaka nikaogopa nitalia, na nikilia wataniambia nimelilia mbwa. Nikageuka nikakimbia nyumbani.

Hatua chache tu njiani nilimkuta Dani akija na beseni. Nilisema tu, "Anamzamisha," akaliweka beseni chini akaenda. Mimi nikaingia nyumbani, nikachukua kile kipande cha wavu kutoka pembeni kikiwa kibichi hivyo, kinanuka, nikarudi nacho mbio nimekikumbatia.

Nilikuta Dani yuko majini na nguo zake, amemshika mwanawe mkono ule uliombeba Askari. Hakuwa anavuta. Alikuwa ameshika tu, naye Baba Mdogo hakuthubutu kuuondoa mkono wa mama yake mbele za watu. Nikatandaza wavu mchangani. Nikarudi nyuma.

"Muweke chini," Dani akasema.

Akamwachia, hata hakumweka, alimdondosha. Askari akatoka majini akitetemeka, akatupita sisi sote, akaenda moja kwa moja kwenye wavu. Akachuchumaa. Yakatoka matone machache tu ya woga. Halafu akageuka, mkia ukitikisika polepole, akamtazama tena yule yule aliyetaka kumuua.

Yule mtu wa mashua akasema, "Huyo mbwa amesoma. Tena amepita."

Dani hakucheka. "Nani alimfundisha?" akamuuliza mwanawe. Baba Mdogo akatazama ziwa. "Nakuuliza wewe. Umempa mtoto kitu, amekishika kama ulivyompa, sasa unampigia nini? Mama Auma atapata omena kutoka mashua yako kesho asubuhi, kabla hujauza. Na huyu mbwa atafundishwa na msichana."

Basi. Hilo ndilo lililokuwa kemeo lote. Mama Auma aliletewa omena yake. Mimi niliambiwa jioni kwamba nimemwaibisha mtu aliyenilisha, na sikuambiwa pole, na Askari hakuambiwa.

Tulichoma ule wavu. Nikaanza upya, na kuanza upya ni kugumu kuliko kuanza, kwa sababu sasa ilibidi asahau kwanza. Akiamka, nambeba nje kwenye nyasi nyuma ya jikoni, mahali pale pale kila mara. Nasimama naye, jua au mvua, simharakishi. Akifanya, namsifu hapo hapo na kumpa kichwa cha omena kabla hajasahau ni cha nini. Akikosea ndani, namwaga majivu, nafuta, sisemi neno, najilaumu nimechelewa kumtoa. Alikosea mara nyingi. Akajifunza. Na kenge hakuja hata mmoja.

Likizo iliyopita nilikuwa Asembo Bay. Askari sasa ni mbwa mkubwa, anapita ufukweni akizizunguka nyavu za akina mama bila kugusa hata ncha, anaenda nyasini, anarudi. Baba Mdogo alikuwa na wageni. Nilimsikia sebuleni nikiwa napeleka chai: "Mbwa anataka mkono mgumu. Huyu nilimfundisha mwenyewe." Nikaweka vikombe mezani. Askari alikuwa amelala mlangoni, na Baba Mdogo alipoinua mguu tu kuvua slipa, alijikunja, mkubwa hivyo, akatoka nje. Wageni hawakuona. Mimi niliona.

Kwa hiyo nisikilize. Kabla hujamchapa yeyote aliye chini yako, awe mbwa, awe mdogo wako, awe mtoto wako, jiulize kwanza ulimfundisha nini, maana huenda anakutii. Mtoe nje mapema, simama naye, mwonyeshe mahali. Kosa lake lifute kimya kimya. Na ukimwona mkubwa anamwadhibu mtu kwa kumtii, na sauti yako ikagoma kama yangu, kimbia ulete ule wavu uutandaze mbele yao.

Mungu akupe mikono miepesi kubeba na mizito kupiga. Akupe Dani wako, wa kukushika mkono ukikosea. Na siku utakayonirudia ukitikisa mkia, ukingoja nikusifu kwa jambo nililokufundisha vibaya, Mungu anikumbushe mimi asubuhi ile.