Mzee Kimeto Arudishwa Rizavu

Wazee wa kanisa la Wakenya walijaa sebuleni kwa Keziah, katika mji wa Eagan huko ughaibuni, wakipanga jinsi baba yake atakavyosafirishwa nyumbani akifa. Mgonjwa mwenyewe, Mzee Kimeto, alikuwa palepale akiwasikia.

“Nyumbani gani?” aliwakatiza kwa hasira. “Mkoloni alitufukuza shambani kwetu, akatubeba kwa lori kama mifugo, akatumwaga kwenye rizavu, eneo alilolitengea kabila letu, mawe matupu! Kule nilipelekwa. Hapa nilikuja mwenyewe. Nizikeni hapa.”

Alifariki Machi 2014, theluji ikianza kuyeyuka. Ukoo ukapiga simu kutoka Kenya: mtu wetu hazikwi ugenini. Keziah hakubisha.

Jeneza lilipoingizwa kwenye ndege ndipo alipotambua kwamba baba anarudishwa rizavu, na safari hii aliyempakia ni yeye.