Kauboi Wangu wa Mkono wa Kushoto

Leo nimegombana na mjukuu wangu Neema kwa sababu ya kauboi.

Kanitafutia kwenye tivii ile filamu ya Kimarekani niliyoipenda utotoni.

(Za Kihindi nilizililia, za Kimisri nilizipendea nyimbo. Lakini moyo wangu ulikuwa kwa yule kauboi.)

Kauboi akachomoa bastola. Kwa mkono wa kulia!

"Huyu siye," nikasema. "Wangu alitumia kushoto."

"Bibi, filamu ni hiyohiyo!"

Ndipo nikakumbuka.

Enzi za Mwingereza, gari la sinema likija kwetu Ng'ambo, hapa Tabora, kitambaa cheupe kilitundikwa uwanjani. Wanaume walikaa mbele. Sisi wasichana tulitazamia nyuma ya kitambaa, picha zikiwa zimegeuka.

Kumbe!

Mimi natumia kushoto. Mama alinichapa mkono huo kila nilipokula nao. Yule kauboi ndiye mtu mzima pekee niliyemwona akitumia kushoto, na hakuna aliyethubutu kumgusa.

Mliokaa nyuma ya kitambaa, njooni mnitetee.

Wengine chekeni tu. Nimemwomba Neema kioo, nimeipa tivii mgongo, natazamia humo.

Huyo hapo. Anachomoa kwa kushoto.