Mbuzi Watatu wa Mzee wa Kwenye Skrini

Nianze kwa kukubali tu, kwa sababu wengine wenu mlikuwa pale ukumbini na video mmeshaisambaza: yule kijana aliyefukuzwa na mzee mwenye fimbo mbele ya nusu ya mji wa Kitui ni mimi Kyalo, na ndiyo, ni kweli nilijaribu kuwachukua wale mbuzi tena. Msinicheke sasa hivi. Subirini nifike mwisho, mtacheka vizuri zaidi.

Mimi ni fundi wa simu hapa mjini, lakini kwetu ni Tseikuru, ambako mtoto anawajua mbuzi kabla hajaijua njia ya shule. Naishi na Mwende, mshonaji wa yunifomu, na kwao ni Kasikeu, kule Makueni. Tunapendana, hilo halina shida, shida ni kwamba ntheo ilikuwa haijaenda. (Kwa asiyejua mila zetu: ntheo ni mbuzi watatu ambao Mkamba anawapeleka kwa wazazi wa msichana, na kabla hawajafika, hata mkae pamoja mpaka mpate mvi, huyo si mke wako, ni binti wa watu unayekaa naye.) Kila baba yake alipopiga simu mimi nilisema Baba, huku ni ukame, mbuzi wamekonda, nitaona haya kukuletea mifupa. Na mwanzoni ilikuwa kweli. Kisha mvua ikanyesha, mbuzi wakanenepa wakang'aa, na mimi nikaendelea na ukame wangu. Ukweli ni kwamba niliogopa kufika kwa watu nikiwa fundi wa kibanda cha kugawana na muuza mitumba, nikijua mzee ataniuliza kazi yangu ni gani.

Siku moja Mwende aliweka kijiko chini katikati ya chakula. "Kyalo, mwaka ukiisha na mbuzi hazijafika kwetu, mimi naenda nyumbani. Na sitakuja kuchukuliwa na simu." Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Basi nikapanga. Mutua, mwenye ile duka ya gemu karibu na soko, alikuwa anafungua nyingine Mwingi na akatangaza kwamba atakayeshinda shindano lake la kumaliza gemu kwanza ndiye atakayeisimamia. Nikasema hiyo ni yangu. Nitashinda, nitapata kazi yenye jina, halafu mbuzi waende Kasikeu na kichwa kikiwa juu. Tena nilikuwa na uhakika kiasi kwamba nilimwambia Mwende amwalike baba yake, kwa kuwa alikuwa anakuja Kitui kwa mkutano wa wazee wa kanisa, ajionee mwenyewe. (Hapo nani alinituma? Hakuna.)

Gemu lenyewe ni la mambo ya kale, la majoka na mapanga, na kabla hujaanza unaulizwa wewe ulikuwa nani kabla ya safari. Unaweza kuwa mwana wa tajiri ukapewa farasi na upanga, au mwindaji mwenye upinde, au mwombaji mwenye blanketi tu, au mfugaji ukapewa fimbo na mbuzi watatu. Mji mzima ulikuwa unachagua mwana wa tajiri. Mfugaji walimcheka. Lakini mimi niligundua siri: kwenye lango la mji kuna mzee ameketi, na ukimpa mbuzi wako wote watatu, anamruhusu binti yake afuatane nawe, na yule binti anarusha mishale mpaka msitu wa kwanza unaupita ukipiga mluzi. Nilifanya hivyo mara nyingi sana kwa mazoezi, nikafurahia akili yangu, na wallahi sikuwahi hata siku moja kusimama nikajiuliza ni kitu gani hiki ninachofanya. Mkamba mzima, na masikio yangu mawili.

Siku ikafika. Ukumbi umejaa, mimi niko jukwaani na kontrola mkononi, skrini ni ya ukuta mzima, mzee Baba Mwende yuko mstari wa mbele na koti lake na kofia gotini, Mwende kando yake na soda. Mutua alishika maiki, na kwa sababu maandishi ya gemu ni ya Kizungu, alikuwa anawatafsiria wazee kila kinachotokea. Nikachagua mfugaji. Watu wakaguna, lakini nilimwona mzee akitikisa kichwa kwa kuridhika akimwambia jirani yake, "Huyo ni kijana wa Tseikuru, hawezi kusahau kwao." Nikajaa fahari.

Nikafika langoni, nikamsalimia yule mzee wa kwenye skrini, nikaanza kutoa.

"Mbuzi ya kwanza imeingia kwa mzee!" Mutua akatangaza. "Ya pili hiyo! Ya tatu... Ngojeni kwanza. Msichana anatoka na mzigo wake. Watu wangu, si hii ni ntheo? Kyalo ameoa! Mama zetu mko wapi?"

Vigelegele vikapigwa kutoka kila kona. Na vigelegele vilipopungua nikasikia sauti ya Baba Mwende nyuma yangu, ya chini, sauti ya mtu anayejisemea.

"Kumbe mbuzi ziko."

Ukumbi ukageuka. Sijui waliambiana saa ngapi, lakini wote walijua yule ni nani na mimi ni nani. Sasa, mtu mwenye akili angeingia msituni na yule binti akashinda shindano. Mimi niliuona uso wa Mwende, na akili yangu ikaniambia warudishe hao mbuzi upesi, ili ionekane hawakuwa wametolewa kweli. Nikabonyeza kuwachukua.

Gemu halijui mtu amejuta. Kengele ikalia, yule mzee akainuka na fimbo, askari wa mji wakatoka, na mimi ninakimbia huku mbuzi wamesimama, kwa sababu hata wa kwenye skrini ni mbuzi tu, na hawakimbii unapotaka wakimbie.

"Anarudisha ntheo!" Mutua alikuwa karibu kulia kwa kicheko. "Hii sijawahi kuona! Mtu anarudisha ntheo!"

"Shika huyo!" mama mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, na nadhani hakuwa anacheza. Yule binti, ambaye dakika chache zilizopita alikuwa wangu, akavuta upinde akanipiga mshale wa mgongo, nikafa mbele ya geti la mkwe.

Sheria ilikuwa ukifa unaanza tena, nafasi ni tatu tu, ila huruhusiwi kurudia ulichochagua. Watu wakasema ashuke. Nikamwambia Mutua, "Sishuki." Niliona nikishuka hapo, nimeshuka na Mwende pia. Nikataka tu mahali pasipo na mbuzi, hata mmoja, kwa hivyo nikabonyeza bila kufikiri: mwana wa tajiri. Nyumba ya ghorofa, watumishi, farasi mweupe.

"Ahaa," mzee akasema, na safari hii alisema wasikie. "Kwa simu ni ukame. Hapa ni farasi."

Hata Mutua aliweka maiki chini acheke. Macho yangu yalikuwa na jasho, nikampeleka yule farasi darajani, nikakosa daraja, tukazama wote wawili.

Nafasi ya mwisho. Kidole kilichoelekea kwa mwindaji kikateleza kwa jasho kikaangukia mwombaji. Skrini nzima, mtu na blanketi lake kuukuu.

"Huyo sasa," mzee akasema, "ndiye namjua."

Mwende alijifunika uso kwa leso, na mabega yalikuwa yanaruka. Nilijua anacheka. Iliniuma kuliko mshale.

Lakini niwaambie, na yule mwombaji nilicheza. Nilikataa katakata kuachia kontrola. Nikajificha vichakani, nikala matunda ya porini, nikapita kando ya joka likiwa limelala, nikadundwa na mbweha nikainuka, nikafika mwisho wa safari kwa miguu na blanketi langu. Kijana mwingine, kwenye skrini ndogo ya pembeni, alishamaliza zamani na kazi ya Mwingi alishapewa, lakini mimi pia nilimaliza, na wachache walinipigia makofi, Mwende akiwa mmoja wao.

Nje nilimfuata mzee nikamsalimia kwa mikono miwili. "Baba, ile ilikuwa gemu tu."

"Najua ni gemu. Unafikiri mimi ni mjinga?" Alikuwa anafuta kofia yake vumbi.

"Kazi yenyewe nimekosa, Baba," nikasema. "Nilitaka nikuje nikiwa na kazi."

Akaniangalia. "Mimi nilikuuliza kazi siku gani?"

Nikatafuta siku hiyo kichwani, nikaikosa. Miaka yote hiyo nilikuwa namjibu mtu swali ambalo hajaniuliza.

"Nimeona kitu moja tu leo," akasema. "Kwa geti ya yule mzee wa ukuta ulifika bila kuuliza mtu njia. Kwangu unajua?"

"Najua, Baba."

"Basi." Akavaa kofia, akaenda.

Sikungoja mwaka uishe. Nilipanda Tseikuru, nikachagua mbuzi wenyewe kwa mkono wangu, wale wa kung'aa, na mimi na mjomba tukawapakia kwenye pikapu mpaka Kasikeu, vumbi limetujaa mpaka kwenye meno. Geti likafunguliwa, na Baba Mwende akatoka akiwa na fimbo. Hiyo picha niliijua. Aliwazunguka mbuzi, akawashika migongo mmoja baada ya mwingine, kisha akaninyooshea ile fimbo kifuani.

"Hizi zikishaingia," akasema, "usibonyeze kitu."

Mjomba hakuelewa kwa nini nyumba nzima ilivunjika mbavu. Mbuzi wakaingia, akina mama wakapiga vigelegele, na Mwende akatoka nyuma yao. Niliangalia mikono yake kwanza. Haikuwa na upinde.

Gemu bado nacheza, siwadanganyi. Ila mfugaji sitamchagua tena maishani, wala mbele ya watu wala peke yangu, kwa sababu mbuzi wa kutoa nilikuwa nao watatu tu, na hao wako Kasikeu.