Kiti Kilichombana Mama Mkwe

Kinyozi mmoja, pandikizi la mtu, alijulikana mtaa mzima kwa jina la Dakika Mbili. Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Mteja akichungulia mlangoni na kukuta foleni imefurika, kinyozi humwambia bila hata kuinua macho kutoka kwenye kisogo anachokinyoa, "Ingia ukae, kaka, dakika mbili tu." Watu wamelala pale wakaamka. Inasemekana mmoja aliingia na vindevu vya kuhesabika akawa na ndevu kamili zamu yake ilipofika. Lakini hakuna aliyemkasirikia, maana mkono wake ulikuwa mwepesi na mdomo wake haukuishiwa vichekesho.

Mtu pekee ambaye hakuwahi kumchekesha ni mama mkwe wake. Mama huyu alikuwa mkutubi mstaafu, mfupi, mnyoofu, mwenye umbo dogo isipokuwa pale anapokalia. Kuishi miaka na mikaka kati ya rafu za vitabu kulimzoesha kusema kwa sauti ya chini, na yeyote aliyekuwa karibu naye alijikuta ananong'ona. Mbele yake Dakika Mbili, mtu wa maneno kama cherehani, alibaki na matatu tu: shikamoo, naam na karibu.

Basi mkewe akajifungua salama salimini, mtoto wa kike, na siku iliyofuata akapiga simu kutoka hospitali.

"Tumeruhusiwa," alisema. "Ila mkunga anasema mtoto hatoki hapa mpaka aone kiti chake kimefungwa garini. Umeshakifunga?"

Kiti kilikuwa bado ndani ya boksi, sebuleni, na juu ya boksi palikuwa na kikombe cha chai.

"Dakika mbili tu, mke wangu."

"Hizo ndizo ninazoziogopa."

Gari lao lilikuwa dogo, jekundu, la milango miwili ubavuni na wa tatu wa buti. Alilinunua kwa sababu lilienea kwenye kijinafasi kilichokuwa pembeni ya kibanda chake cha kunyolea, hakuna kingine. Mtu mkubwa kama yeye, kukaa mbele tu kulikuwa kama kuvaa shati la mdogo wake. Kufika kiti cha nyuma ilibidi ukunje kile cha mbele, uingize kichwa, kisha uombe mwili ufuate.

Kichwa kiliingia. Mwili ukafuata hadi kiunoni, ukakataa. Huku akiwa amekumbatia kiti cha mtoto, alivuta mkanda wa gari, ukamzunguka shingoni, ukajikaza. Alipojaribu kurudi nyuma, mkanda ukavuta mbele. Alipotulia, nao ukatulia. Akawa hapo, nusu ndani nusu nje, kijasho chembamba kikimtoka, ndipo aliposikia viatu anavyovijua vikija taratibu na kusimama nyuma yake.

"Shikamoo, mama," ilitoka sauti ndani ya gari.

"Marahaba," mama mkwe alijibu, akizungumza na kile alichokiona. "Na uso uko wapi?"

Dakika Mbili alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini hata ardhi ingepata tabu kumtoa mle. Mama mkwe aliweka chini chupa yake ya chai, akazunguka upande wa pili, akajipenyeza ndani kama barua chini ya mlango, akabonyeza kifungio. Mkanda ukalegea. Mkwe akatoka kinyumenyume, shati limempanda mgongoni, akasimama akitazama mawingu.

"Kuna maelekezo?" mama aliuliza.

Yalikuwapo, ya michoro mitupu, yenye mtu asiye na nywele aliyekuwa anatabasamu kila hatua. Mama mkwe aliyasoma yote, mbele na nyuma, huku amevaa miwani.

"Umekigeuza. Mtoto anatakiwa aangalie nyuma."

"Nyuma, mama? Si atakosa kuona njia?"

"Kazaliwa jana, baba. Njia ya kwenda wapi?"

Wakakigeuza. Ili kienee, kiti cha abiria ilibidi kisogezwe mbele mpaka kikaribie kubusu dashibodi. Mkanda ukapitishwa palipochorwa, ukafungwa, na bado kiti kikawa kinacheza kama jino bovu. Mchoro ulimwonyesha yule mwenye tabasamu akikigandamiza kwa goti huku akivuta mkanda. Dakika Mbili akajaribu goti lake. Goti likajaza kiti chote, na mkono ukakosa pa kupita.

"Inatakiwa uzito mdogo," mama mkwe alisema. Akatazama huku na huku. Mtaa ulikuwa mtupu. Akavua viatu, akavipanga vizuri kando ya gari, akapanda, akaketi ndani ya kiti cha mtoto, miguu juu ya egemeo la nyuma. "Vuta. Na usiniangalie."

Dakika Mbili akafumba macho, akavuta kwa nguvu zake zote. Kitu kikalia *kwaa*. Kiti kikakazika, ukikitikisa linatikisika gari zima.

"Tayari, mama! Shuka sasa."

Akafumbua macho. Mama alikuwa palepale.

"Mama?"

"Sishuki," alisema kwa sauti ileile ya maktaba. "Nimebanwa."

Akavutwa mikono, akabaki. Akasukumwa mabega, akabaki. Kukitoa kiti pamoja naye haikuwezekana, maana mlango usingewapitisha wote wawili. Katikati ya heka heka simu ikaita.

"Mko wapi?" mkewe aliuliza.

"Tumo garini."

"Mmeshatoka?"

"Hapana. Ila tumo garini."

"Mama amefika?"

"Amefika, ameshakaa kabisa."

Mama mkwe akanong'ona kutoka nyuma, "Washa gari. Huko kuna wataalamu. Nifunge na hii mikanda ya mtoto, tusije tukavunja sheria."

Ikamfika mabegani kwa shida. Wakaondoka, mkwe akitazama mbele, mama mkwe akitazama walikotoka kupitia kioo cha buti.

Kwenye taa za barabarani mama akasema, "Kuna kijana wa lori nyuma yetu. Ananishangaa."

"Mfanye kama humwoni, mama."

"Uso kwa uso hivi? Nimeshamsalimia kwa kichwa." Akaweka miwani sawa. "Sasa anacheka. Amelala juu ya usukani."

Honi ndefu ikasikika. Halafu Dakika Mbili akasikia sauti ngeni, kama birika linaloanza kuchemka. Akatazama kwenye kioo, akaona kisogo cha mama mkwe kikitikisika. Mama alikuwa anacheka! Naye akaangua kicheko, mpaka taa ikawa ya kijani ikarudi nyekundu na hawajasogea.

Hospitalini mkewe alisubiri mlangoni na kifurushi chake mikononi, mkunga pembeni, mwanamke wa miraba minne.

"Haya, tuone hicho kiti," mkunga alisema, akainama dirishani. Macho yakamtoka pima. "Huyu mlimpata hospitali gani?"

"Habari za kazi," mama mkwe alisema.

"Mama!" binti yake akapiga yowe.

"Sauti. Kuna wagonjwa."

Mkunga akakunja mikono ya sare yake. "Nimezalisha wengi, lakini aliyekaa hivi sijawahi. Baba, pita upande ule, shika mabega. Wewe mama, pumua. Usisukume mpaka nikwambie."

"Msinichekeshe jamani, nina mshono!" mkewe alilia, amejikunja juu ya mtoto.

"Sasa! Sukuma!"

Mama mkwe akasukuma kwa miguu, mkwe akanyanyua, mkunga akavuta, na kwa mlio kama wa kizibo cha chupa mama akachomoka, akatua kwenye mikono ya mkunga.

"Hongereni," mkunga alisema akihema. "Mzima, viungo vyote vipo." Kisha akakitikisa kiti. Gari likayumba, kiti hakikujongea. "Na hiki nacho kimefungwa barabara. Nendeni."

Mtoto akalazwa ndani, akaonekana kama mkate uliosahauliwa kwenye kabati. Mkewe akajibanza pembeni yake. Mama mkwe, pekupeku, maana viatu walivisahau mtaani, akakaa mbele, magoti yameegemea dashibodi.

Dakika Mbili aliendesha kama aliyebeba mayai. Baiskeli zikawapita. Mtu aliyekuwa akisukuma mkokoteni akawapita, akawapungia mkono. Ghafla ikasikika chafya, ndogo kama ya paka, naye akaegesha gari pembeni, akashuka, akakunja kiti chake, akaingiza kichwa nyuma.

"Ana nini?"

"Amepiga chafya tu, baba," mama mkwe alisema. "Rudi ukae."

"Naam, mama." Lakini hakuondoka. Alibaki ameinama pale, nusu ndani nusu nje, akimtazama binti yake akikunja uso na kuukunjua, na magari yakapita yakipiga honi.