Asenath na Sheria Iliyokwisha Muda

Asenath alikuwa akizibua mitaro ya mtaa wa Kayole tangu Luseno, kitinda mimba wake, akiwa mgongoni. Kila asubuhi vibarua walisimama kando ya Spine Road, naye nyapara Shiundu akawachagua kwa macho tu. Aliyekuja mikono mitupu hakutazamwa mara mbili. Na jembe la kazi hakuna aliyemwachia mwenzake, maana nyapara aliliona jembe kwanza, mtu baadaye.

Siku moja hakuchagua mtu. Sheria inayotoa fedha za kutunza barabara ilikuwa na tarehe ya kuisha, akawaeleza, na imeisha. Wabunge hawajaifanya upya. Asenath akauliza wataifanya lini. Shiundu akasema hata wenyewe hawajui, lakini kamati yao inakuja ukumbi wa mtaa kuchukua maoni, kwa hivyo vibarua wote waje.

Wakaja na majembe.

Askari wa mlangoni aliwatazama kutoka gambuti za miguuni hadi kichwani. "Mama zangu, huu ni mkutano, si shamba."

"Tumeambiwa tuje," Asenath akasema.

"Na hizo silaha hamwingii nazo."

Ikawa ubishi wa nani abaki nje na majembe. Kamene, kibarua mwenzake Asenath, alisema yeye si kabati. Mwingine akasema afadhali asikilize dirishani. Ndani, wenye malori walilalamikia mashimo, wenye nyumba wakalalamikia vumbi. Kisha sauti ya mwenyekiti ikauliza kama wafanyakazi wa barabara wapo. Mtu akajibu kwamba hawakufika.

Asenath alilitazama jembe lake. Akalitia mkononi mwa Kamene.

"Likipotea usinililie," Kamene akasema.

Asenath alipofika mbele, watu walikuwa wanakunja viti. Maneno alikuwa ameyapanga tangu jana yake, akifua. "Mheshimiwa, mkikawia kuelewana huko, tuwekeeni kifungu tuendelee na kazi kwa ile sheria ya zamani, mpaka mpya itoke."

"Tumechukua, mama. Hoja nzuri sana."

Karani wa mwenyekiti alikuwa ameshafunga kompyuta, anazungusha waya wa chaji mkononi. Asenath aliuangalia ule waya mpaka ukaisha. Akatoka. Kamene alimuuliza wamesemaje, akajibu wamechukua.

Shiundu ndiye aliyekuwa akiwaletea habari. Mswada wa sheria mpya ulisomwa mara ya pili. Ukapita Bunge la Taifa, ukaenda Seneti. Seneti wakaubadilisha, wakitaka kaunti nazo zipate fungu, ukarudi. Ikaundwa kamati ya kupatanisha pande mbili, halafu wabunge wakaenda likizo. Asenath aliuliza mara moja tu kuhusu kifungu chake. Shiundu alikuna shingo, akasema hajakisikia kikitajwa. Yeye akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa saa.

Mvua zilianza kabla likizo haijaisha. Mtaro ulijaa chupa na matope, maji yakapanda hadi vizingiti vya nyumba za chini. Majirani walitoka na ndoo. Mmoja, Mama Wafula, alimwona Asenath ameketi mlangoni kwake ghorofa ya kwanza, anachambua maharagwe.

"Mama Luseno, si wewe ndiye wa mtaro?"

"Nilikuwa."

Mama Wafula alingoja, labda kuna neno lingine. Asenath akaokota kijiwe kwenye ungo, akakitupa chini, akaendelea kuchambua.