Redio ya Babu Mashine

Watu wa jengo lile walikuwa wamekubaliana, bila kumuuliza mwenyewe, kwamba Babu Mashine ni kiziwi. Mtu aliyesaga unga kwa mashine tangu ujana mpaka kipara atasikia nini tena? Basi wakikutana naye kwenye ngazi humpigia ukelele, "Shikamoo, babu!" mpaka mate yanamrukia, naye huitikia taratibu, "Marahaba," huku akijifuta shavu. Kumbe mzee alisikia vizuri kuliko wengi wao. Alisikia bomba la jirani likidondosha maji. Alisikia pia, na hili ndilo lililomtesa, jinsi nyumba yake ilivyonyamaza tangu mkewe afariki. Watoto wake walikuwa mbali, wakishughulika na mambo yao. Walipiga simu, wakamjulia hali, wakakata.

Aliyezoea ngurumo za mashine, kimya humnyima raha. Akanunua redio kubwa, akaiweka dirishani, akaifungulia mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Alasiri ile ile mlango ukagongwa. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza anayekaa chumba cha chini yake, kalamu nyekundu ameichomeka kwenye nywele, uso ameukunja.

"Babu! Redio! Nasahihisha kazi za wanafunzi, nashindwa hata kufikiri!"

"Eti?"

"Redio yako ina-blare!" Hasira zilikuwa zimemtoa Kiingereza.

Babu Mashine akapunguza sauti, akauliza hilo nalo ni dudu gani. Ualimu ni maradhi, hauponi. Aliyekuja kugomba akajikuta amesimama mlangoni anafundisha. "Blare", alisema, ni kulia kwa sauti kubwa, kali, yenye kukera masikio, tena isiyokoma upesi. Honi ya lori lililokwama hulia hivyo, na tarumbeta, na king'ora, na redio ya mzee fulani. Mlio wa bunduki haumo, maana ule hupiga mara moja ukaisha. Radi nayo ina maneno yake.

"Na mashine ya kusaga?"

"Ile inanguruma tu, babu. Haina ule ukali."

"Umeidharau mashine yangu, mwanangu."

Mwalimu akacheka. Akakaribishwa ndani, akaketi, akanywa chai, akasimulia, kwa ukelele ule ule, vituko vya wanafunzi wake. Alipoondoka, mzee aliosha vikombe viwili, na kazi hiyo ikamfurahisha kuliko alivyotarajia.

Kesho yake akaifungulia redio tena. Usimwite mchokozi. Wewe ungekaa siku nenda siku rudi bila mtu wa kukuita jina, ungewasha hata king'ora. Mwalimu akapanda, akagonga, akagomba, na mzee alikuwa na swali tayari: mtoto mchanga je, akilia, ni hiyo hiyo blare? Siku nyingine akauliza kuhusu mke mkali.

"Huyo ana maneno yake mengi, babu. Tukianza leo hatumalizi."

Lakini kicheko kilikuwa kinapungua. Mwalimu aliacha kuketi, kisha akaacha kuingia. Alijibu akiwa amesimama nje, mkono umeshika ukuta. Mzee aliyaona yote, akajitia hamnazo. Alitaka kumwambia, "Njoo tu, mwanangu, hata redio ikiwa imezimwa." Badala ya kuyatamka maneno hayo, akauliza swali jingine. Maisha yake yote alikuwa amebeba magunia, na hakuwahi kubeba kitu kizito namna ile.

Ikatokea siku mwalimu akagonga redio ikiwa bado haijawashwa. Moyo wa mzee uliruka. Amekuja mwenyewe! Akakimbilia kabatini kutoa kikombe cha pili.

"Nimekuletea zawadi, babu!" mwalimu alipaza sauti, akafungua boksi. Zilikuwa hedifoni, nyeusi, nene, mpya kabisa. "Ukivaa hizi, fungulia mpaka mwisho! Hakuna atakayekusumbua!"

Akamvalisha kwa upole, akamrekebishia ukanda juu ya kipara kama mtu anayemvika mtoto kofia. Halafu akainama nyuma ya redio kutafuta pa kuchomeka waya. Simu yake ikalia.

"Naam, dada. Niko kwake sasa hivi," alisema kwa sauti yake ya kawaida. "Wala hasikii, usijali. Mzee mwema, maskini, lakini kanichosha, nakwambia kanichosha kabisa. Ndiyo. Leo ndio mwisho wa kupanda ngazi hizi."

Hedifoni zilikuwa bado kimya, na Babu Mashine, aliyesikia kila neno, alisimama na kikombe mkononi. Sasa ndipo angeweza kusema. Neno moja tu lingetosha, naye mwalimu angegeuka, na aibu ingewapata wote wawili, na pengine baada ya aibu wangeketi.

Waya ukaingia, redio ikawashwa, na muziki ukamjaa kichwani. Mwalimu akamgeukia, macho yana furaha ya kweli, midomo ikamwuliza kama anasikia vizuri.

Mzee akamwinulia kidole gumba, akatabasamu.