Kiti cha Perpétue Uwanjani

Jumamosi ya kufunga msiba wa mkewe, mzee Salvator alitokea kibarazani na kiti cha kukunja kwapani, akavuka majani, akaingia kwenye gari la majirani zake Waholanzi.

Ndani ya nyumba bintiye Diane alikuwa anakaanga ndizi. Vital, kaka wa marehemu, alikuwa bafuni ananyoa ndevu. Alikuwa amefika jana yake kutoka mji wa Katy, anakoishi kwa mwanawe. Vital ndiye aliyeletwa kusema neno. Kwa Warundi msiba haujifungi wenyewe. Mwaka ukitimia ndugu hukutana, wakanywa pombe, mmoja akasimama akasema: basi. Baada ya hapo marehemu hahesabiwi tena kati ya watu wa nyumba.

Hapo ndipo Salvator alipokwama. Alitaka mkewe Perpétue ahesabiwe. Hakumwambia mtu. Aliona kwamba mfiwa asipokuwepo, lile neno "basi" halisemwi.

Alikuwa mtu wa maneno machache. Alizaliwa Burundi, akakimbia akiwa kijana, akalima miaka na miaka huko Kigoma, akaletwa Texas akiwa na mvi tayari. Alifua mashuka ya hoteli mpaka mgongo ukakataa. Shule hakuiona. Perpétue ndiye aliyeongea kwa niaba ya wote wawili, na alipokufa nyumba ya Lewisville ikanyamaza.

Waholanzi walikuwa Gerrit na mkewe Hanneke, mlango wa kuangaliana na wao. Gerrit aliwahi kuwa bwana mifugo Kagera, na binti yao Marleen alizaliwa hukohuko, kwa hiyo Kiswahili walikuwa nacho, kimenyooka kama fimbo. Walihamia Texas kumfuata Marleen, aliyeolewa Mansfield. Wamestaafu. Kazi yao ni kustarehe, na wanastarehe kwa ratiba. Jumamosi moja mvinyo, Jumamosi inayofuata mpira. Perpétue alizoeana na Hanneke kwa sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, na tangu hapo wakawa wanne popote.

Siku ya kwanza kwenye shamba la zabibu, Salvator aliona watu wanaonja mvinyo na kuutema kwenye ndoo. Akamshika mkewe mkono.

"Usinywe. Hawa wanatafuta sumu."

Perpétue alikuwa keshamaliza glasi yake.

Kumbe Hanneke anatema kwa sababu ndiye dereva. Gerrit yeye hatemi. Perpétue alipofariki, Hanneke aliendelea kuagiza glasi nne. Mtu wa shamba akauliza kama kuna mwingine njiani.

"Yupo," Gerrit alisema.

Salvator alikunywa yake, halafu ya mkewe. Akarudi nyumbani amelewa kwa niaba ya watu wawili. Diane alinuna siku tatu.

Lakini mvinyo ulikuwa kitu kidogo. Kikubwa kilikuwa mpira. Waholanzi wana mpira wao wa kikapu, wanauita korfbal. Kikapu kiko juu ya mlingoti mrefu, hakina ubao. Hukimbii na mpira. Kila timu ina wanaume na wanawake sawasawa; mwanamume humkaba mwanamume, mwanamke humkaba mwanamke. Na mpira ukishakuwa mkononi mwa mtu, kumnyang'anya ni marufuku.

Upande mmoja walikuwa Gerrit, Hanneke, Salvator na Perpétue. Upande wa pili Marleen, mumewe, na wakwe zake. Mama mkwe, Bi Darlene, Mmarekani wa mwili mkubwa na moyo mkubwa, ndiye aliyemkaba Perpétue. Magoti ya Perpétue yalikuwa mabovu, ndiyo maana alikuja na kiti. Alikaa katikati ya uwanja, akiletewa mpira anaurusha palepale alipokaa. Na ulikuwa unaingia.

Alipokufa wakabaki saba. Gerrit alifikiri wiki nzima. Timu pungufu haichezi. Mwanamume hawezi kuziba pengo la mwanamke. Mwisho akagonga mlango wa Salvator.

"Kiti kipo?"

"Kipo."

"Basi njoo nacho."

Salvator akakifunika kwa kitenge cha kijani cha mkewe. Mwaka mzima Bi Darlene akasimama mbele ya kiti kile, mikono juu, jasho linamtoka, anakaba. Kuna siku alilalamika kwamba kiti kimemsukuma. Gerrit akapuliza filimbi: kosa la Perpétue. Salvator alilala na furaha usiku ule. Maiti haadhibiwi.

Sasa Jumamosi hii kiti kilikaa nyuma ya gari karibu naye, kimefungwa mkanda. Hanneke akamtazama kwenye kioo.

"Mzee, si leo mnafunga msiba?"

"Si leo."

Hakuuliza tena. Lakini walipofika uwanjani alijitenga kidogo na simu yake.

Mchezo ukaanza. Baba mkwe wa Marleen alimbana Salvator mpaka akakosa pa kutupa. Akamtupia mkewe, kama zamani. Mpira ukatua kwenye kiti, ukazama ndani ya kitenge, ukatulia. Siku nyingine zote uligonga ukaanguka. Leo ulikaa.

Wote wakasimama.

"Mpira uko kwa Perpétue," Gerrit alisema.

Bi Darlene akauliza afanye nini. Akaambiwa hakuna. Asimnyang'anye tu.

Wakangoja arushe.

"Baba, anachelewesha mchezo," Marleen alisema. "Hilo nalo ni kosa. Puliza."

Gerrit akavua filimbi shingoni. "Mpulizie wewe."

Marleen akaitazama filimbi, akampa mumewe. Mumewe akampa baba yake. Ikazunguka hivyo mpaka ikarudi kwa Gerrit, kavu.

"Mwenzake wa timu anaweza kuupokea," Gerrit akamwambia Salvator. "Akipewa."

"Sijapewa," Salvator alijibu.

Wakakaa kwenye majani. Hanneke akatoa mkate na jibini. Bi Darlene akala kwa kulishwa, maana hakutaka kushusha mikono.

Ndipo gari likaja. Akashuka Vital ndani ya suti, na Diane ndani ya vitambaa vya sherehe, anashika pindo lisiguse majani.

"Baba, nyumba imejaa. Watu wame-park mpaka barabarani. Padre ameshika sahani tupu."

"Shemeji," Vital alisema, "nasikia umemtoroka mkeo."

"Sijamtoroka. Niko naye hapa."

Vital akakizunguka kiti. Akamwangalia Bi Darlene na mikono yake. Gerrit akasimama wima akamweleza sheria zote, moja moja. Vital akasikiliza kama yuko barazani anaamua kesi ya ng'ombe.

"Kwa hiyo dada yangu ameshika mpira, na hakuna wa kumnyang'anya."

"Ndiyo."

"Ndivyo alivyo tangu mdogo. Ukimpa kitu, kiage." Akakohoa. "Na amecheza muda gani?"

"Mwaka mmoja."

"Bila kupumzishwa?"

Gerrit akawa mwekundu. Kwa maisha yake yote hakuna aliyewahi kumshika kwenye sheria.

"Kubadilisha mchezaji kunaruhusiwa," alisema polepole. "Mwanamke kwa mwanamke."

Wote wakamgeukia Diane.

"Mimi? Na nguo hizi?"

"Mama yako alicheza na kiti," Vital alisema. "Haya, nani wa kusema atoke?"

"Nahodha."

"Nahodha ni nani?"

"Salvator," Gerrit alisema.

"Mimi? Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Tulikuuliza, Perpétue akajibu amekubali."

Filimbi ilipomfikia Salvator, alimpa mwingine. Hili hakuwa na mtu wa kumpokeza. Akaenda mpaka kwenye kiti, akapiga magoti, nayo yakalia. Bi Darlene akampisha hatua moja.

"Mama Diane," alisema. "Umechoka. Nipe."

Mpira ukaja bila shida. Akampa Diane. Akakikunja kitenge, akajitanda begani.

"Basi," Vital alisema. Hakupaza sauti. Ndilo neno alilotoka nalo Katy.

Salvator alilisikia. Hakulibishia.

Gerrit akapuliza filimbi. Bi Darlene akashusha mikono, akapumua, akamtazama Diane, akainyanyua tena. Diane alirusha mpira, ukapita mbali na kikapu. Mama yake angemcheka.

Wakarudi Lewisville wote, na Bi Darlene akiwemo. Kiti kilikunjwa, kikawekwa kwenye buti pamoja na chupa za mvinyo. Pale kilipokuwa kinakaa alikaa Vital, analalamika mkanda unambana.

Nyumbani chungu cha pombe kilikuwa katikati ya sebule, mirija imechomekwa. Hanneke alipewa mrija wa kwanza, ndiye mgeni. Akavuta. Mashavu yakajaa, macho yakaanza kutafuta ndoo.

"Dada," Salvator akamwambia, "humu hatutemi."

Akameza.